Mwacheni Ale Anachotaka

Mama yangu alikuwa mpika keki, na kati ya maradhi yote yaliyojaa duniani, yeye akapata kisukari. Watu walipomwonea huruma aliwatania. "Mwashi huangukiwa na ukuta," alisema, "mimi nimeangukiwa na sukari. Kila mtu na kazi yake."

Alioka nyumbani, kwenye chumba cha nyuma ambacho zamani kilikuwa cha wageni. Humo mlikuwa na oveni kubwa ya gesi, meza ndefu iliyopigwa bati juu, na rafu ya makopo ya kuokea ya kila umbo, mengine yamepinda kwa uzee. Aliwapikia watu keki za harusi, za kuzaliwa, za kuwaaga wastaafu. Mtaa mzima ulimwita Mama Keki. Baba alikuwa fundi wa mafriji, naye wakampa jina la Fundi Baridi, kwa kazi yake na kwa tabia yake, maana hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Alitembea na mkoba mzito wa vifaa, na ndani yake geji za kupimia gesi, alizozizungushia kitambaa kama mtu anayefunga mayai. "Mashine haisemi uongo," alipenda kutuambia. "Ina namba yake. Ukiijua namba, umeujua ugonjwa."

Mimi ni mtoto wao wa pekee. Ndoa yangu ilivunjika mapema, nikarudi nyumbani na sanduku la nguo na mto mmoja, wakanipokea bila kuniuliza swali hata moja. Kwa hiyo haya ninayoyasimulia sikuhadithiwa. Nilikuwepo.

Mwanzoni Mama aliuficha ugonjwa wake. Alikuwa na kiu isiyokatika, anakunywa maji kama aliyetoka kubeba matofali, akapungua mwili mpaka pete ikawa inamvuka kidoleni, na tukimuuliza anasema ni joto la oveni. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Yeye aliumbuliwa na keki. Alikuwa anapamba keki ya harusi ya ghorofa, macho yakamwingia ukungu, akapanga maua yote ya krimu upande mmoja. Wenye harusi walipokuja kuichukua waliisifu, wakidhani ni mtindo mpya. Mama akasubiri waondoke, akajitupa kwenye kiti, akaniambia, "Mwanangu, mwite baba yako. Sioni vizuri."

Hospitalini walimpima, wakampa vidonge, kisha wakatupeleka chumba cha mtaalamu wa lishe. Alikuwa dada mwembamba mwenye sauti ya upole, na mezani kwake kulikuwa na matunda ya plastiki yaliyofifia rangi.

"Mama, vyakula vyote vya wanga hugeuka sukari mwilini," alieleza. "Ila havina mwendo mmoja. Viko vinavyokimbia, viko vinavyotembea, viko vinavyojikokota. Wataalamu wamevipima, wakavipa namba, sifuri mpaka mia. Glukosi tupu ni mia. Chakula chenye namba ya hamsini na tano kushuka chini kinajikokota, na hicho ndicho rafiki yako. Cha sabini kwenda juu kinakimbia, na hicho usikipe nafasi."

"Na mimi nitazijuaje namba zote hizo?" Mama aliuliza. "Shule nilitoka zamani."

"Siku hizi ziko programu za simu. Unaandika jina la chakula, inakuletea namba yake."

Baba, aliyekuwa ameinamia kofia yake muda wote, akainua kichwa. "Namba?" akauliza.

"Ndiyo, mzee. Namba."

Nilimwona usoni. Ni ule uso anaokuwa nao friji iliyomsumbua mchana kutwa inapoanza kunguruma. Tulipofika nyumbani alinipa simu yake kabla hajavua viatu. "Niwekee hicho kitu," akasema.

Nikamwekea. Programu yenyewe ilikuwa rahisi: unaandika "mchele", inakuja namba ndani ya duara, na duara lina rangi. Kijani kwa vile vinavyojikokota, njano kwa vya kati, nyekundu kwa vinavyokimbia. Kuanzia siku hiyo nyumba yetu iliendeshwa kwa rangi tatu kama njia panda ya mjini. Mkate mweupe ukafukuzwa. Viazi vikafukuzwa. Maharage, dengu na mboga za majani vikakaribishwa kama wakwe.

Sokoni Baba akawa kituko. Alisimama mbele ya meza ya mwuza matunda, miwani kwenye ncha ya pua, kidole kimoja kikigonga simu polepole, foleni ikimngoja nyuma.

"Hii ndizi imeiva tangu lini?" alimuuliza mwuzaji.

"Mzee, unainunua au unaiposa?"

Watu wakacheka. Baba hakucheka. Alikuwa amesoma kwamba ndizi ikizidi kuiva namba yake hupanda, akachagua zile ngumu zenye ukijani shingoni, ambazo Mama alizila kwa kukunja uso.

Kisha akagundua jambo lililomnyima raha. Alikuwa ameongeza programu ya pili, ili ahakikishe, na ile ya pili ikaupa mchele namba nyingine kabisa. "Geji mbili zikisoma tofauti," akasema, "moja ni mbovu." Akaweka ya tatu iamue ugomvi. Ya tatu ikaleta namba yake yenyewe. Hakupumzika mpaka aliporudi kwa yule dada wa lishe kumshitakia.

Dada akacheka kwa heshima. "Mzee wangu, chakula si gesi. Mchele uko wa aina nyingi. Ukiupika sana, namba inapanda. Ukipoa, inashuka. Ukila na maharage, mambo yanabadilika tena. Hizo namba zinakuonyesha njia tu, hazikushiki mkono."

"Kwa hiyo nani ananiambia ukweli?"

"Damu yake. Mpime, umwangalie."

Baba akawa anampima Mama na kumwangalia. Alimwangalia hata alipokuwa anatafuna.

Mama alivumilia kwa utani. Alimwita Daktari wa Kidole, kwa vile alivyogonga simu kutwa. Siku moja aliinyakua ile simu, akaandika "keki" kwa siri, kisha akapiga yowe la furaha lililonitoa chumbani. "Njooni mwone! Keki ya kawaida, arobaini na sita! Kijani! Na viazi vya kuchemsha, sabini na nane!" Akamwelekea Baba na mwiko mkononi. "Miaka yote hii, Fundi, ungenilisha keki!"

Baba akachukua simu, akaangalia, akaisugua kioo kwa shati, akaangalia tena. Alikwenda kumuuliza yule dada wa lishe, akarudi na jibu kwamba siagi na mayai huichelewesha ile sukari njiani, lakini haiiondoi, na kwamba namba haijui umekata kipande kikubwa kiasi gani. Alieleza kwa makini, kama anayeeleza ubovu wa kompresa ya friji. Mama alikuwa anacheka mpaka machozi. "Kidole kimenisaliti," akasema. "Haya, leta hizo dengu zako."

Kazi yake ilikuwa haiwezekani bila kuonja, na kuonja ndiko kulikokuwa kunamponza: kijiko cha krimu hapa, ulimi kwenye mwiko pale, kutwa nzima. Wakakubaliana kwamba Baba aonje badala yake. Hapo ndipo nilipoiona ndoa yao kwa karibu, nami nilikuwa nimetoka kuipoteza yangu.

"Ikoje?" Mama anauliza.

"Tamu."

"Tamu vipi?"

"Tamu kama keki."

"Fundi! Inapanda juu ya ulimi au inabaki mbele? Siagi unaisikia? Ndimu je?"

Baba anafumba macho, anaonja tena. "Inaanza vizuri," anasema mwishowe, "halafu inakatika. Kama friji yenye gesi kidogo."

"Basi chumvi haitoshi," Mama anasema, anaongeza chembe, anampa tena. Baba anaonja, na uso unafunguka. "Sasa inashika."

Alijifunza kweli. Ikafika mahali anaingia kutoka kazini, ananusa mlangoni, anasema, "Leo umeweka maganda ya machungwa," na Mama anatabasamu huku amempa mgongo, asimwonyeshe.

Sitaki mtu adhani ilikuwa raha tupu. Namba zilikuwa na meno pia. Baba alianza kumfuatilia mpaka kwenye sahani za watu. Tukialikwa mahali alimgusa mkono kabla hajachota, wenyeji wakiangalia. Mama alikuwa mwanamke wa kulisha wengine, na sasa alilishwa kama mtoto. Akaanza kula kwa kificho.

Siku moja alikuwa chumba cha nyuma na wateja wawili, bibi harusi na mama yake, wanachagua umbo la keki. Mama alikuwa amekata kichwa cha keki iliyopoa ili aisawazishe, na vile vipande vya juu vilikuwa pembeni, bado laini. Akiwa anawaeleza wale wageni, mkono wake ukaenda wenyewe. Akatia kipande mdomoni. Wakati huohuo Baba akaingia na mkoba wake.

"Tema!" alisema.

Sikuwahi kuisikia sauti ile. Wala Mama hakuwahi.

"Tema hiyo! Tema!"

Bibi harusi alitazama chini. Mama yake akajifanya anahesabu makopo kwenye rafu. Mama akatema kwenye kiganja, mbele yao, akajifuta kwenye aproni, akaendelea kuwaonyesha maumbo kwa sauti ileile ya biashara. Walipotoka, alifunga mlango taratibu.

"Hebu niambie," akamwambia Baba. "Ulioa mke au ulioa namba?"

Baba akauweka mkoba chini.

"Kwa sababu namba zako ninazijua zote. Ya mkate, ya embe, ya uji. Sasa niulize mimi nilivyoamka leo. Niulize miguu yangu inavyowaka moto. Huulizi. Unaipima damu, mwenye damu humwoni."

Nyumba ikanyamaza. Mama alikula dengu zake bila neno, akanyoosha kidole apimwe bila neno, na krimu yake akaanza kunionjesha mimi, ambaye sina ulimi wowote. Baba alikwenda kazini na kurudi kama mpangaji. Mimi nikawa mpeleka salamu kati ya jikoni na sebuleni, "Mwambie baba yako chai imepoa," "Mwambie mama yako asante," na wote wawili wananisikia walipo.

Aliyevunja ukimya ni Baba. Alimfuata chumba cha nyuma, akasimama mlangoni. Nilikuwa ndani nachekecha unga, hakunijali.

"Bibie," alisema, "friji ikinifia mkononi, mwenyewe atanitukana, kisha atanunua nyingine. Wewe nikikupoteza, nitakununua wapi?"

Mama aliendelea kupiga mayai.

"Naogopa," Baba akasema. "Nikiiangalia ile simu, naogopa kidogo tu. Nikikuangalia wewe, naogopa sana."

Mwiko ukasimama. Mama akageuka, akachovya kijiko kwenye bakuli na kumwelekezea. "Njoo uonje hii. Huyu binti yako ameniharibia keki za watu."

Baada ya hapo Baba alijitahidi. Aliuliza alivyoamka. Aliikanda miguu yake kwa mafuta wakati wanasikiliza redio. Simu haikuondoka mfukoni, lakini alianza kuitoa kwa kuomba ruhusa, "Niangalie?" na Mama akiwa na siku nzuri alimjibu, "Angalia, Daktari." Tuliishi hivyo miaka mingi, mizuri kuliko tulivyojua. Sukari ilipanda, ikashuka, ikatulia. Vidonge vikageuka sindano. Macho yake yaliokolewa. Keki zikaendelea kutoka kwenye kile chumba, na Mama hakuonja hata moja.

Kisha figo zikachoka.

Daktari alisema hivyohivyo, "zimechoka," kama anayesema juu ya mtu aliyefanya kazi ndefu. Mama akaanza kwenda kusafishwa damu kwenye mashine, mara kadhaa kwa wiki. Baba aliipenda ile mashine mwanzoni. Ilikuwa na pampu, mirija, na kioo chenye namba. Alikaa kando yake anazisoma, anamuuliza muuguzi maana ya kila mlio.

"Nikifa utaioa," Mama alimwambia.

"Haina mahari," Baba akajibu, na muuguzi akaangua kicheko.

Lakini mashine ilikuja na masharti yake. Tulimrudia yule dada wa lishe, sasa amenenepa kidogo na ana pete kidoleni, akatueleza kwamba figo za Mama haziwezi tena kutoa madini fulani yaliyomo kwenye vyakula. Akaanza kuvitaja vya kupunguza. Maharage. Dengu. Ndizi. Mkate wa ngano isiyokobolewa. Nyingi ya zile mboga za majani. Kila alichotaja, Baba alikuwa anakitafuta kwenye simu, na karibu kila duara lilikuja la kijani.

"Mkate mweupe kidogo si mbaya," dada akamaliza.

Baba aliweka simu chini. "Mkate mweupe," akarudia. "Binti yangu, mkate mweupe nilimpokonya mdomoni."

"Ulifanya vizuri, mzee. Wakati ule ndivyo ilivyofaa."

"Kwa hiyo nilikuwa namlisha nini? Nilikuwa namlisha sumu?"

"Hapana, mzee wangu. Vilimsaidia. Umemchunga vizuri, nimewaona wengi, sijaona aliyechungwa hivi. Ugonjwa huu mrefu, unabadilika."

Alimwambia ukweli, nami naamini hivyo mpaka leo. Baba hakuamini. Njiani alikuwa anatembea mkono mmoja ukiwa umemshika Mama, mwingine umeishika simu, wala hamwangalii Mama wala haiangalii simu.

Miezi ikapita. Mama akapungua. Ulifika wakati hawezi kusimama mbele ya meza ya bati, akawa anakaa kwenye kiti anatoa maelekezo, mimi na Baba tunaoka. Kisha akawa anatuelekeza kutoka kitandani, kwa sauti, mlango ukiwa wazi. Kisha tukawarudisha wateja.

Mama mdogo, ndugu yake, alikuja kukaa nasi. Alikuwa na huzuni, na huzuni yake ilitoka kama lawama. Alikuwa jikoni ananisaidia kuosha vyombo akasema, "Dada yangu tangu utotoni alikuwa mlamba miiko. Tulimwambia. Sikio la kufa halisikii dawa."

Baba alikuwa mlangoni na kikombe tupu cha Mama.

"Shemeji," akasema, "sikio hili lilisikia. Lilisikia kila dawa. Nilikuwepo." Akaweka kikombe kwenye beseni, akatoka. Mama mdogo akalia pale pale, mikono ikiwa ndani ya povu.

Moyo wa Mama nao ukaanza kulegea. Walimlaza. Siku ya tatu daktari, mtu mzima, mpole, alituita mimi na Baba pembeni, kwenye korido, karibu na dirisha lililokuwa na viti vya chuma.

"Mashine haimsaidii tena," alisema. "Mwili hauihimili. Tukiendelea, tutamtesa. Mpelekeni nyumbani. Nitawapa dawa ya kumtuliza maumivu. Akae na watu wake. Na mwacheni ale anachotaka."

Baba akaingiza mkono mfukoni, akatoa simu. "Anachotaka," akasema, miwani akiishusha puani. "Kwa kiasi gani, daktari?"

"Kiasi chochote."

"Hata ndizi? Si mlisema ndizi—"

"Hata ndizi, mzee."

"Viazi vya kukaanga? Anavipenda sana. Namba yake iko juu lakini."

"Mpeni."

"Keki?"

"Hata keki."

Baba akatabasamu. Ndiyo, alitabasamu, akanigeukia mimi kama aliyeletewa habari njema. "Umesikia? Kumbe sukari imekaa sawa."

Daktari alinitazama mimi, nami nikatazama viti vya chuma. Muuguzi akapita na toroli, likapiga kelele, likaishia mwisho wa korido. Nilipoinua macho, tabasamu la Baba lilikuwa bado lipo, ila yeye mwenyewe hakuwemo tena ndani yake. Simu ilikuwa inawaka kiganjani. Alisubiri mpaka kioo chake kikazimika chenyewe.

"Daktari," alisema, "nikatazie kitu. Tafadhali. Kimoja tu."

Daktari akamshika bega. Hakuwa na cha kumkatazia.

Tukamrudisha Mama nyumbani. Baba akatoka, akarudi na mizigo. Akatoka tena. Alinunua vyote tulivyokuwa tumevifukuza: mkate mweupe wa moto, viazi vya kukaanga kwenye karatasi iliyoloa mafuta, asali, biskuti, soda, tikiti maji, maziwa mazito ya kopo. Alivipanga kwenye stuli, kwenye kiti, mpaka kwenye ukingo wa kitanda. Chumba kikanukia kama sherehe ya watoto.

"Anza na chochote," alimwambia. "Hakuna aliyekukataza. Daktari mwenyewe kasema."

Mama alivitazama. Nadhani alielewa kabla yetu sote. Akachukua kiazi kimoja, akakishika midomoni, akakirudisha.

"Kinywa changu kina ladha ya chuma," akasema.

"Labda cha baridi. Soda? Nimeiweka kwenye friji tangu asubuhi. Au uji mwepesi, nikutilie sukari, vijiko uvitakavyo—"

"Fundi."

"Au maziwa. Tulijaribu maziwa?"

"Fundi, keti."

Akaketi. Alikuwa bado ameshika mkate.

"Uliniudhi sana wewe," Mama akamwambia.

"Najua."

"Kila siku. Asubuhi mpaka jioni uliniudhi."

"Najua, bibie."

"Asante."

Baba akainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa shuka, karibu na mkono wake. Mama akaweka vidole kwenye nywele zake, zilizokuwa nyeupe wala sikujua zilianza lini. Niliondoka, nikaurudisha mlango.

Aliishi siku chache baada ya hapo, zaidi akiwa usingizini. Asubuhi ya mwisho aliamka akiwa mwepesi, sauti imerudi kidogo, akasema angeweza kula embe. Si kwa njaa, alisema, ila amelifikiria. Baba alikuwa ameshavaa kofia kabla hajamaliza. Nilimsikia akikaza mwendo kwenye changarawe, karibu kukimbia, mtu wa umri ule.

Mama aliniomba nimgeuze aelekee dirishani. Nikamgeuza. Mama mdogo alikuwa anamfuta uso kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu. Pumzi ikaenda mbali, ikarudi, ikaenda. Tulingoja irudi.

Baba aliingia na embe moja kubwa, la njano lililogeuka wekundu, lililoiva mpaka kuonyesha alama ya kidole. "Nimepata lililoiva kabisa," alisema mlangoni. "Nilimwambia anichagulie tamu kupita yote." Kisha akatuona jinsi tulivyosimama.

Hakulia. Alikwenda jikoni, akaliosha lile embe, akalimenya, akalikata vipande vidogo kama vya mtoto, akavipanga kwenye sahani. Aliileta chumbani akaiweka kwenye stuli, akaketi pale alipokuwa anaketi. Mama mdogo akataka kusema kitu, nikamshika mkono. Tulimwacha mpaka watu walipoanza kuingia.

Tulimzika. Waliokuja walikuwa wengi: maharusi wa zamani na watoto wao, wastaafu, yule dada wa lishe akiwa na mimba, yule mwuza matunda. Kila mmoja alikuwa na keki yake ya kukumbuka. Walipoondoka, Mama mdogo naye akarudi kwake, tukabaki wawili.

Siku ya kwanza ya kuwa peke yetu nilisimama mlangoni mwa jikoni nikamuuliza, "Baba, nikupikie nini?"

Alikuwa anapangusa geji zake kwa kitambaa. Akanitazama kana kwamba nimemuuliza kwa lugha ya kigeni.

"Chochote," akasema.

"Chochote si chakula, Baba. Unapenda nini?"

Alifikiria. Alifikiria kweli, uso umekunjamana, kitambaa kimesimama mkononi. Ndipo nikakumbuka kwamba miaka yote ile alikula kilichokuwa kwenye sahani ya Mama, kiasi kilekile, rangi ileile, asije akamtamanisha. Na kabla ya hapo, kabla ya ugonjwa, alikula alichopikiwa, akashukuru.

"Sijui," akasema. "Kuna kitu nilikuwa nakipenda sana zamani. Tulipooana. Alikuwa ananipikia siku nikirudi nimechoka." Akatikisa kichwa polepole. "Kimenitoka. Mama yako ndiye aliyekuwa anajua."

Nilipika wali na mchicha. Alikula nusu, akaosha sahani yake mwenyewe, akauchukua mkoba akaenda kazini. Duka la nyama la barabara ya pili lilikuwa limempigia tangu juzi. Friji yao ilikuwa haigandishi.